Ufundi wa Kutengeneza Valvu ya Moyo

Katika kazi zote za mikono zinazofanyika hospitalini, hakuna ninayoiheshimu kama kazi ya kutengeneza valvu ya mitrali. Kuibadilisha nako ni kazi kubwa, na kumeokoa watu wengi mno. Lakini anayebadilisha huondoa iliyoharibika na kushonea nyingine iliyotoka kiwandani, yenye vipimo vinavyojulikana tangu ikiwa kwenye boksi. Anayetengeneza hana kiwanda cha kumsaidia. Anakutana na nyama ya mtu huyu mmoja, iliyoharibiwa na maradhi kwa namna yake, na inampasa aelewe ilivyokuwa kabla haijaharibika, kisha airudishe karibu na hapo kwa sindano, uzi na mkasi, huku moyo umesimama na dakika zinahesabiwa.

Moyo una valvu nne. Ya mitrali inakaa upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini. Ina tando mbili. Utando wa mbele umeshika kama theluthi moja ya mzunguko wa pete ya valvu, lakini umeshuka chini sana. Wa nyuma umeshika theluthi mbili zilizobaki, lakini ni mfupi. Ukizipima, eneo lake linakaribiana. Kutoka kwenye kingo za tando hizo zinashuka kamba nyeupe, nyembamba na imara, hadi kwenye misuli miwili iliyochomoza ukutani mwa chumba cha chini. Aliyewahi kusafiri na jahazi ataelewa upesi kazi ya kamba hizo: tanga lisiloshikwa na demani ni kitambaa kinachopepea tu. Chumba cha chini kinapojikaza na damu kuzipiga tando kutoka chini, kamba ndizo zinazozizuia zisipindukie juu. Kamba ikirefuka kupita kiasi, utando unapinduka na damu inarudi ilikotoka. Ikifupika kupita kiasi, utando haumfikii mwenzake, na damu inarudi vilevile. Kati ya urefu unaofaa na usiofaa pana milimita chache tu, na mwendo huo wa kufunguka na kufunga unarudiwa mara laki moja hivi kwa siku, mtu akiwa macho au amelala.

Valvu ya mtu mzima ikifunguka, tundu lake huwa na eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Likisinyaa hadi 1.5, damu inarundikana mapafuni. Mtu anaanza kuhema akipanda ngazi au akibeba ndoo ya maji, kisha anahema akiwa kitandani, anaamka usiku kukaa kitako ili apate pumzi.

Kwetu Afrika Mashariki adui mkubwa wa valvu hii anaanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, yale maradhi ambayo nyumbani tunayaita mafindofindo au tonsesi. Yanaposababishwa na bakteria wa jamii ya streptokoki, koo linaweza kupona lenyewe baada ya siku chache na kila mtu akasahau. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, magoti na vifundo vya miguu vinavimba, maumivu yanahama kutoka kiungo hadi kiungo, na homa inapanda. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili, iliyojifunza kuzitambua protini za bakteria, inazishambulia pia protini za mwili wenyewe zinazofanana nazo, na moyoni zimo. Magoti hupona kabisa. Valvu hubaki na kovu, na kila mara mafindofindo yanaporudi kovu jipya linaongezeka juu ya la zamani. Tando zinanenepa. Pembe mbili ambazo tando hukutania zinagandana. Kamba zinajikunja, zinashikana, zinakuwa gogo moja gumu mahali palipokuwa na nyuzi nyingi laini.

Wazazi huuliza kwa nini mtoto huyu, ilhali watoto wote wa nyumba ile waliumwa koo. Ni swali la haki, na sehemu ya jibu imo katika damu tuliyorithi. Mapacha wanaofanana kabisa wamesaidia kuonyesha hilo: mmoja wao akipata homa ya baridi yabisi, mwenzake huipata kwa takriban asilimia 44, wakati kwa mapacha wasiofanana ni kama asilimia 12. Jeni zinazohusika zaidi ni zile zinazoongoza kinga ya mwili katika kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Lakini asilimia 44 inasema jambo jingine pia. Mapacha wenye vinasaba vilevile, na bado zaidi ya nusu wanaepuka. Kwa hiyo msongamano wa chumba cha kulala, umbali wa zahanati na dozi ya penisilini iliyotolewa au kutotolewa vina nafasi kubwa katika kuamua.

Zipo valvu zinazozaliwa na kasoro, na hapo urithi una sauti zaidi. Valvu ya aota, ambayo kawaida ina tando tatu, huzaliwa na mbili kwa mtu 1 hadi 2 katika kila watu 100. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waligundua kuwa katika baadhi ya familia kasoro hiyo inatokana na mabadiliko ya jeni iitwayo NOTCH1. Mwenye valvu ya namna hii anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, hadi inapojaa chokaa na kukakamaa mapema kuliko ya wenzake; ndiyo maana ndugu zake wa damu hushauriwa nao wapimwe. Na ugonjwa wa Marfan, unaotokana na hitilafu katika jeni ya FBN1, hulegeza nyuzi zinazoshikilia mwili mzima, valvu ya mitrali ikiwemo. Hizo ni njia nyingine za kufika kwenye meza ileile ya upasuaji.

Nirudi kwa wagonjwa wetu. Utafiti uitwao REMEDY, uliosukumwa na marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, uliwaandikisha wagonjwa 3,343 wenye valvu zilizoharibiwa na homa hiyo, katika nchi 12 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Mpe mwanamke wa miaka 28 valvu ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kaboni ngumu, naye umempa kifaa kinachoweza kudumu maisha yake yote, lakini umemfunga na dawa ya wafarini kila siku ili damu isigande juu yake. Dozi ya wafarini haikadiriwi kwa macho. Lazima damu ipimwe mara kwa mara kwa kipimo cha INR; ikiwa nyepesi mno mtu anavuja damu, ikiwa nzito mno valvu inakwama au bonge la damu linapanda kichwani na kuleta kiharusi. Katika utafiti huohuo wa REMEDY, wagonjwa waliokuwa na kiwango kinachotakiwa hawakufika theluthi moja. Zaidi ya hayo, wafarini hupenya hadi kwa mtoto aliye tumboni na inaweza kumdhuru. Mpe badala yake valvu iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe, naye anaepuka wafarini, lakini kwa kijana tishu hiyo huchakaa mapema, pengine ndani ya miaka 10 hadi 15, na kifua kifunguliwe tena. Valvu yake mwenyewe, ikiwa inatengenezeka, inamwepusha na yote mawili. Hapo ndipo kazi hii ya mikono inapokuwa na thamani ambayo sioni nyingine inayoifikia.

Ilianza kwa kidole. Mwaka 1925, katika London Hospital, daktari Henry Souttar alifungua kifua cha msichana mwenye valvu ya mitrali iliyoharibika, akatoboa kijimfuko kilicho kando ya chumba cha juu na kupenyeza kidole chake cha shahada ndani ya moyo unaopiga. Hakuona chochote. Kwa ncha ya kidole alizigusa tando, akahisi damu ikirudi kwa nguvu, akapanua tundu kadiri ilivyowezekana, kisha akatoa kidole na kufunga. Msichana alipona. Lakini Souttar hakuletewa tena mgonjwa mwingine wa kumfanyia hivyo, kwa sababu wakubwa wa tiba ya moyo wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa uko katika misuli ya moyo, na valvu ni jambo dogo. Ujuzi ulikuwa umepatikana, ukaachwa hapo zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1948 ulirudi kwa kishindo. Charles Bailey huko Philadelphia, Dwight Harken huko Boston na Russell Brock huko London, kila mmoja kwa njia yake na ndani ya miezi michache, walifanikiwa kufungua valvu ya mitrali iliyosinyaa. Bailey alikuwa amepoteza wagonjwa kabla ya huyo aliyepona, na hospitali nyingine zilikuwa zimeanza kumfungia milango. Nikiwafikiria madaktari hawa, kinachonivutia zaidi ni ule usomaji wa ncha ya kidole. Kidole kiliambiwa kitafute pembe mbili zilizogandana, kipime ugumu wake, kitofautishe kovu la kupasuliwa na utando mzima usiopaswa kuguswa, na kisukume mpaka pembe iachie, wala kisisukume zaidi ya hapo. Yote hayo gizani, ndani ya damu inayokwenda mbio.

Mwaka 1953 John Gibbon alitumia kwa mafanikio mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, na hatimaye madaktari wakaweza kuusimamisha moyo, kuufungua na kutazama. Jambo la kwanza walilolifanya wengi, baada ya kuona, lilikuwa kubadilisha. Mwaka 1960 huko Portland, Oregon, Albert Starr aliweka valvu ya bandia aliyoibuni pamoja na Lowell Edwards, mhandisi aliyestaafu: mpira mdogo ndani ya kizimba cha chuma, unaopanda na kushuka damu inapopita. Ilifanya kazi, na watu waliokuwa wanakufa wakaishi miaka. Ni rahisi kuelewa kwa nini kutengeneza kulionekana ni kujisumbua bure.

Aliyekataa kukubali hivyo ni Alain Carpentier, wa hospitali ya Broussais, Paris. Yeye mwenyewe alikuwa gwiji wa valvu za tishu. Ni yeye aliyegundua namna ya kuitibu tishu ya nguruwe kwa dawa ya glutaraldehidi ili mwili wa binadamu uivumilie. Pamoja na hayo, aliendelea kuikodolea macho valvu ya mgonjwa mwenyewe. Mchango wake mkubwa ulikuwa kubadilisha swali. Wengine walikuwa wanauliza ni ugonjwa gani umeiharibu valvu. Yeye akauliza utando huu unakwendaje. Unakwenda sawasawa, unapitiliza, au umezuiwa? Ukijibu hilo kwa kila sehemu ya kila utando, unajua pa kukata na pa kushona, hata kama magonjwa mawili tofauti yamefikia hali ileile. Akaongeza pete ya kushonea kuzunguka valvu ili kuirudishia umbo, kwa kuwa aliona kwamba pete ya asili iliyotanuka huwa imetanuka upande mmoja kuliko mwingine. Makala yake ya mwaka 1983 ndiyo iliyowafundisha madaktari wa dunia nzima, na mwaka 2007 yeye na Starr, mtengenezaji na mbadilishaji, walipewa pamoja Tuzo ya Lasker.

Kazi yenyewe inaanza kabla ya kisu. Mtaalamu wa eko amekwisha kuitazama valvu kwa mawimbi ya sauti, pande zote, na kuandika utando upi umefungwa na wapi. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, kifua kinafunguliwa katikati ya mfupa wa kidari, damu inahamishiwa kwenye mashine, na maji baridi yenye potasiamu yanapitishwa kwenye mishipa ya moyo hadi unatulia kabisa. Kuanzia hapo misuli ya moyo haipati damu yake ya kawaida. Daktari hawezi kukawia, na hawezi kuharakisha.

Kwanza anasoma. Anachukua ndoano mbili ndogo zisizo na ncha kali na kuuvuta utando kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu. Utando wa nyuma una mikunjo mitatu, na ule wa pembeni upande wa kushoto mara nyingi huwa haukuharibika sana kama mingine. Basi anaufanya huo kuwa kipimo: anauvuta hadi unapofikia, kisha anauvuta mwingine ulinganishwe nao. Huu umepita. Huu haukufika. Huu umeshikwa na kamba iliyofupika. Haandiki popote, anavitaja kwa sauti, msaidizi anasikia, muuguzi anaandaa uzi unaofuata. Nimetazama hatua hii mara nyingi katika video za mafunzo, na hapo ndipo unapomtofautisha bingwa na anayejifunza. Anayejifunza anatamani kushika mkasi. Bingwa bado anavuta ndoano.

Valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ndiyo ngumu kuliko zote. Daktari anaanza kwenye pembe zilizogandana, anazipasua kwa kufuata mstari wa zamani wa muungano, ambao kwa wengine umekwisha kufutika machoni na unatafutwa kwa kuangalia kamba zinavyogawanyika chini yake. Anasimama milimita chache kabla ya pete. Akizidisha, valvu iliyokuwa imeziba itaanza kuvuja. Kisha anashuka kwenye kamba: zilizogandana anazichana zitengane, zilizo gogo anazitoboa madirisha ili damu ipite, na pengine msuli unaozishika anaupasua katikati kuelekea chini ili tando ziwe huru. Halafu inakuja kazi ya kumenya. Juu ya utando ulionenepa kuna tabaka la kovu, na kwa kisu kidogo na koleo laini tabaka hilo linaweza kuinuliwa pole pole kutoka kwenye utando wa asili uliojificha chini yake. Ukiliinua vizuri, utando mgumu unalainika mbele ya macho yako, unaanza kukunjika. Ukikosea, unautoboa. Na utando wa nyuma uliosinyaa kiasi cha kutofika popote anaurefusha kwa kiraka kilichokatwa kutoka kwenye mfuko unaofunika moyo wa mgonjwa huyohuyo.

Pale ambapo kamba imekatika au haifai tena, anaweka mpya. Uzi unaotumika ni wa Gore-Tex, laini na usiotanuka, ambao Tirone David wa Toronto ni miongoni mwa waliouenezea sifa. Kuushona kwenye msuli si shida sana. Shida ni urefu. Moyo uko mtupu na umelegea, hauko katika umbo litakalokuwepo ukishajaa damu na kupiga, na daktari anatakiwa akisie urefu wa kamba kwa hali ambayo haioni. Tena uzi huo unateleza. Fundo la kwanza linaweza kusogea wakati wa kufunga la pili, na milimita 2 zilizopotea hapo zinatosha kuharibu mahesabu yote. Kwa hiyo wapo wanaopima kwa vitanzi vilivyotayarishwa mapema, wapo wanaolinganisha na kamba nzima ya jirani, na wapo wanaofunga fundo wakati chumba cha chini kimejazwa maji, utando ukiwa mahali pake.

Mwisho inakuja pete. Nyuzi kama kumi na zaidi, za rangi mbili zinazopishana ili zisichanganyike, zinapitishwa kuzunguka pete ya asili, kisha moja moja kwenye pete ya bandia iliyoshikwa juu ya kifua. Sehemu moja ya mzunguko huo imepakana na mshipa mkubwa wa moyo, nyingine na valvu ya aota, nyingine na njia ya umeme inayoupa moyo mapigo. Sindano ikizama zaidi kidogo, madhara yake yataonekana saa nyingi baadaye. Nyuzi zikikamilika, pete inatelezeshwa chini hadi ikae, na mafundo yanafungwa. Fundo lililokazwa mno hukata nyama, na lililolegea linaacha upenyo.

Ndipo linapokuja jaribio la maji. Daktari anachukua bomba la sindano lenye maji ya chumvi, anapitisha mpira mwembamba katikati ya valvu na kukijaza chumba cha chini. Tando zinainuka na kukutana. Kila aliye mezani anatazama mstari wa makutano: uko mbele sana au nyuma, umenyooka au kuna mahali umeingia ndani, kuna maji yanayochuruzika? Wengine huupaka mstari huo wino wa kuandikia ngozi, wakafungua tena valvu na kupima ni milimita ngapi za utando zimelala juu ya mwenzake. Kukutana kwa ncha tu hakutoshi, kwa kuwa moyo ukipiga ncha zitaachana. Na hata maji yakitulia, hukumu haijatolewa. Moyo unafungwa, unaachiwa damu yake, unaanza kupiga, na daktari wa usingizi anaitazama valvu kwa kipimo cha eko kilichoshushwa kwenye umio. Ikivuja kwa kiasi kisichokubalika, lazima warudi kwenye mashine, waufungue upya. Kuamua kurudi, baada ya saa nyingi za kusimama na moyo wa mgonjwa ukiwa tayari unapiga wenyewe, kunahitaji uaminifu ambao hakuna mtu wa nje ya chumba kile atakayeujua.

Sipendi kuifanya kazi hii ionekane kwamba daima inawezekana. Valvu iliyojaa chokaa, iliyokakamaa kuanzia pete hadi kwenye misuli, haimenyeki, na anayelazimisha anamwachia mgonjwa upasuaji wa pili ndani ya muda mfupi. Matengenezo ya valvu za homa ya baridi yabisi hayadumu sawa na yale ya valvu zilizolegea tu kwa uzee au urithi. Ndiyo maana bingwa huingia chumba cha upasuaji na valvu ya kubadilishia ikiwa tayari kabatini, na kuiomba bila aibu ikibidi.

Tena kuna wagonjwa ambao hawahitaji kufunguliwa kifua. Daktari Kanji Inoue wa Japani, aliyetangaza njia yake mwaka 1984, alibuni puto la mpira lililoimarishwa kwa wavu wa nailoni, na ubunifu wake wote umo katika namna linavyojaa. Puto linapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi upande wa kulia wa moyo, linavushwa kwenye kitundu kilichotobolewa katika ukuta wa kati, na kuelekezwa kwenye valvu iliyoziba. Sehemu ya mbele inajaa kwanza, ikiwa imekwisha kupita valvu, na daktari analivuta nyuma taratibu hadi likaze. Sehemu ya nyuma inajaa ya pili, na sasa valvu imebanwa kiunoni mwa puto, haliwezi kuteleza mbele wala nyuma. Kiuno kinajaa mwisho, ghafla, na pembe zilizogandana zinaachana. Kazi iliyofanywa na kidole cha Souttar inafanyika kwa sekunde chache. Ukubwa wa puto unaanza kukadiriwa kwa hesabu ya kichwani: chukua urefu wa mgonjwa kwa sentimita, gawanya kwa 10, ongeza 10, na hiyo ndiyo milimita ya kipenyo. Mgonjwa wa sentimita 160 anakadiriwa puto la milimita 26, na daktari makini anaanza chini ya hapo. Kwa valvu ya aota iliyojaa chokaa, Alain Cribier wa Rouen, Ufaransa, alifungua mwaka 2002 njia ya kuingiza valvu mpya kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani, lakini hiyo imewafaa zaidi wazee.

Puto halimfai kila mtu, na anayechagua ni mtaalamu wa eko. Anaipa valvu alama kwa mambo manne: inavyotembea, unene wake, chokaa yake, na hali ya kamba chini yake, kila moja kuanzia 1 hadi 4. Jumla ikiwa 8 au chini, puto lina matumaini mazuri. Na kabla ya eko kuna sikio. Mgonjwa akilala kwa ubavu wa kushoto na stetoskopu kuwekwa kwenye ncha ya moyo, valvu ya mitrali iliyosinyaa inatoa mlio mdogo mkavu inapofunguka, kisha mngurumo wa chini. Kadiri mlio huo unavyokaribia pigo lililotangulia, ndivyo tundu lilivyo dogo. Daktari wa wilayani mwenye sikio lililofunzwa anaweza kukisia ukali wa ugonjwa kwa nafasi kati ya sauti mbili, sehemu ya kumi ya sekunde au pungufu, na kumwandikia mgonjwa rufaa siku hiyohiyo.

Rufaa hiyo sasa ina pa kwenda. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imesimama hapo Dar es Salaam, ikihudumia watu ambao zamani iliwabidi kupelekwa India. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imejijengea jina kwa valvu hizi. Ujuzi ambao kizazi kilichopita ulifuatwa kwa ndege unafundishwa sasa mkono kwa mkono karibu na nyumbani, na wanaoanza hujifunza kushona kwenye moyo wa nguruwe au ng'ombe kabla ya kuaminiwa moyo wa mtu.

Lakini kuna mkono mwingine ninaotaka uhesabiwe humu, wa muuguzi wa zahanati anayechoma penisilini ya benzathini. Dawa hiyo ni nzito, inaziba sindano, na inauma sana. Mtoto aliyeumizwa mara ya kwanza hataki kurudi, na asiporudi kila baada ya wiki 3 au 4, kinga inakatika. Muuguzi anayejua kazi huiacha chupa ipoteze baridi ya friji, huichanganya vizuri, huchagua sindano ya unene unaofaa, huchoma ndani ya msuli na kusukuma polepole kwa dakika mbili hivi huku akizungumza na mtoto. Kazi hiyo ina matunda yanayohesabika. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa valvu, kabla hawajaumwa lolote, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Miongoni mwa waliochomwa sindano, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, kwa wasiochomwa, asilimia 8.2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Na aliyekwisha kutengenezewa valvu bado ni mgonjwa wa muuguzi huyo. Nyuzi na pete haziizuii streptokoki, na mafindofindo mapya yanaweza kurudisha kovu juu ya utando uliomenywa kwa uangalifu wote ule. Kwa hiyo siku ya kutoka wodini, pamoja na tarehe ya kurudi kupimwa eko, anapewa kadi ya sindano, na ataendelea kuchomwa hadi afike walau miaka 40, na wengine maisha yao yote.